Miraba Miwili ya Mabega

Aliye ukutani hana mgongo. Msinibishie, mimi ndiye niliyemchora, na mgongo sikumchorea. Ana kifua, ana mabega, ana tumbo lililogawanyika vipande sita vya kupangwa, ana shingo nene inayoingia mabegani bila hodi, lakini ukimzunguka kwa nyuma utakuta matofali na mavi ya popo. Hajawahi kuumwa kiuno. Hajawahi kubeba gunia wala mtoto. Hajala kitu tangu nimchore na hajakonda hata kidogo, na kwa hilo mji mzima unamwonea wivu. Nikisema mji mzima nasema wanaume, maana wanawake wanampita pale na vikapu vyao hata shingo hawageuzi.

Mji wetu hauna jina, au ulikuwa nalo tukalisahau tukiwa tunajitazama. Miaka hatuihesabu. Tunahesabu ni mara ngapi ukuta umepakwa rangi upya, kwa hiyo mtu akikuuliza umri unamjibu, "Mimi ni wa rangi ya nne," yaani ulizaliwa ukuta ulipopakwa mara ya nne, naye anakuelewa. Wakati mwingine unaamka uko rangi ya saba, unakwenda sokoni, unarudi uko rangi ya tano, mkeo anakuita kwa jina la baba yako na wewe unaitika kwa sababu chakula kimeshapakuliwa. Hayo tumeyazoea. Kitu kimoja tu hakiyumbi hapa kwetu, nacho ni Siku ya Kusimama.

Siku hiyo kila mwanaume aliyeota ndevu huvua shati, huenda ukutani jua likiwa utosini, akaegemea juu ya yule Bwana wa rangi. Anatakiwa amfunike wote. Msimamizi wetu, Bwana Chande, husimama hatua kumi mbele yake na kuhesabu mpaka mia, taratibu, huku macho yakizunguka kandokando ya mabega, mikono na shingo. Rangi ikijitokeza popote anapaza sauti: "Bwana anaonekana!" Basi, umekwisha. Unapewa koti la sufi, lililojazwa mabegani na kifuani, unalivaa jua na mvua. Barazani unakaa nyuma na husemi mpaka uulizwe. Hajatokea aliyemfunika, hata mmoja. Chande mwenyewe chini ya kanzu ana sufi ya mito miwili. Nilimwona siku moja akijikuna. Magodoro yetu yote ni matupu, tunalalia chaga, kwa sababu sufi yote imehamia mabegani mwetu.

Na sheria hii ilianza kwa utani, ndilo linaloniudhi. Mchuuzi mmoja alileta sabuni imefungwa kwa ukurasa wa gazeti la nchi nisiyoijua. Ukurasani kuna mwanaume anang'aa. Kama ni mafuta au ni jasho hatukujua, maana hakuwa anafanya kazi yoyote. Wazee wakasema, Fundi Mshamu, tuchoree huyu uwanjani, papendeze. Nikachora. Rangi ilipokauka kijana mmoja akaenda kumwegemea, wenzake wakamcheka: "We! Mbona kakuzidi pande zote?" Naye akacheka. Kesho yake akaenda tena peke yake, na safari hii hakucheka. Najiuliza mpaka leo ule utani uligeuka saa ngapi. Nilikuwepo, brashi mkononi, na sikuona.

Sasa nitasema nililolificha. Nimelificha rangi sita na limenichosha.

Kukuza picha ndogo ikawa kubwa kuna ufundi wake. Unachukua rula na penseli, unaikata ile picha miraba, unaipa namba. Huyu bwana alichukua miraba kumi na miwili, bega mpaka bega. Ukutani unapiga miraba mikubwa kwa uzi uliochovywa makaa, toka kona hadi kona, kisha unanakili mraba mmoja mmoja. Hapo humwangalii mtu tena. Pua inakuwa mstari unaokata kona, jicho linakuwa doa. Ukiwa juu ya ngazi uso wako uko shubiri moja na ukuta, na bega hulioni. Unaona rangi tu. Nilimaliza mraba wa bega la kushoto, nikashuka kula mihogo. Nikapanda, nikachovya brashi, nikauchora mraba uleule mara ya pili kando ya wa kwanza.

Niliposhuka na kusogea mbali, nikaona. Bega la kushoto limezidi. Chokaa ilikuwepo, ndoo nzima, na kufuta ni kazi ya dakika kumi. Lakini chini pale walikuwa wamesimama wanaume kama ishirini wananiangalia, na mimi, kama mnavyoniona, ni mtu mdogo. Ujanani waliniita Njiti. Mmoja akasema, "Haya, Njiti, huyo mkubwa utamweza wewe?" Wakaangua kicheko. Nilisikia aibu mpaka kwenye kucha. Nikapanda ngazi nikaongeza mraba mmoja na bega la kulia, yalingane, nikashuka nikasema kazi imekwisha. Kosa la kwanza lilikuwa la mihogo. La pili nililifanya kwa macho makavu.

Huwa najiuliza mtu anaanzia wapi na kuishia wapi. Zamani nilidhani anaishia kwenye ngozi. Siku hizi sijui. Nimeona wanaume wazima wakipita mlangoni kwa ubavu, mlango mpana, kwa sababu kichwani mwao wana mabega ambayo hawana. Nimewaona wakioga na koti. Nimemwona mtu anaulizwa na mtoto wake, "Baba, ndani ya koti kuna nani?" akampiga. Na yule wa kwenye karatasi je, nani alimtengeneza? Labda huko atokako kuna fundi mwingine, mdogo kama mimi, naye alishuka kula akarudi amesahau alipofika. Labda na yeye alinakili kutoka kwa mwingine. Nikifikiria hivyo kichwa kinaniuma, nakwenda kulala juu ya chaga zangu.

Ningeweza kufa na siri hii bila shida. Tatizo ni Nyange.

Nyange ni mwanangu, wa pekee. Aliposimama mara ya kwanza alikuwa kijana amenyooka, kifua wazi, ana nguvu za kutosha kuchota maji ya nyumba nzima na kumbeba mama yake akiugua. Chande hakufika hata kumi. "Bwana anaonekana!" Rangi ilibaki kila upande wa bega, kushoto na kulia, sawasawa. Watu waliona upungufu wa Nyange. Mimi niliona miraba yangu miwili. Mwanangu alilingana na yule wa kwenye karatasi mstari kwa mstari, hakupungua wala hakuzidi. Nilikuwa nimesimama pale na koti langu, nikanyamaza.

Koti alilikataa. Akaanza kuinua mawe ya kusagia, alfajiri na jioni, mpaka vidole vikapasuka. Akanunua unga wa kwenye makopo yenye picha ya Bwana, akala huo akaacha wali wa mama yake. Hatimaye akaja mtu na sanduku la sindano. Nyange akavimba. Shingo ikapotea, chunusi kubwa zikamjaa, hasira zikawa karibu. Alilala amekaa, maana akilala chali pumzi inakata. Ngazi tatu za kibaraza chetu alizipanda kwa vituo viwili.

Tabibu alimwekea sikio kifuani, akaniita uani. "Fundi, moyo nao ni nyama. Ameunenepesha pamoja na mikono. Umekuwa mnene mpaka damu haina pa kukaa. Akibana pumzi muda mrefu na mwili huo, mimi sina dhamana."

"Atasimama keshokutwa," nikamwambia.

"Basi mzuie. Wewe si baba yake?"

Nikamkuta Nyange amekaa kwenye kinu, anajifunga vidole kitambaa. Nikamwambia aache, mwanangu, tafadhali, afya kwanza. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Baba, wewe umevaa koti maisha yako yote," akasema. "Ukiongea watu wanatazama pembeni. Mama akidharauliwa sokoni unajifanya hukusikia. Mimi nimekuona tangu mdogo. Sitaki kuwa hivyo."

"Kwa hiyo bora ufe?"

"Bora nisimame mara moja. Mara moja tu, wasione rangi. Baada ya hapo potelea mbali."

Mke wangu Somoe alikuwa anapepeta mchele mlangoni, akayasikia yote. Nyange alipotoka akauweka ungo chini. "Mshamu, yule shetani ulimchora wewe. Nenda kamfute."

Hapo ndipo nikamwambia habari ya miraba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, kicheko kirefu cha kushika mbavu, nikadhani nimepona. Kumbe alikuwa analia.

"Mihogo," akasema. "Rangi sita nimelalia chaga, mbavu zinaniuma, sina mto, kwa sababu ulikuwa unakula mihogo? Na mtoto ulimwona siku ile, ukakaa kimya?"

"Niliona haya, mama Nyange."

"Haya ya nini? Ya kuwa mfupi? Mimi nilipokuja kwako nilikuwa sina macho?" Akachukua ndoo ya chokaa akanisukumia miguuni. "Nenda. Usirudi bila kumfuta."

Nikaenda adhuhuri, mji ulipolala. Uwanja mtupu, jua linachoma, popo wamenyamaza. Nikaegemeza ngazi. Na hapo Bwana, ambaye hajawahi kunisemesha, akasema, vipande vipande, kwa sauti ya mtu aliyebanwa.

Sijakaa. Tangu siku ile sijakaa.

Pumzi niliivuta. Sikuambiwa niitoe.

Wanasema nina nguvu. Za nini? Hata kijiko sijainua.

Wanakuja kuniegemea. Wana joto. Wanatetemeka. Nimewajua wote kwa mtetemo, fundi, hakuna ambaye hakutetemeka.

Wananiita Bwana. Bwana wa nani? Nyumba sina.

Mabega haya si yangu. Yanauma. Nani aliyaacha hapa?

"Ni mimi," nikasema, "na nimekuja kuyaondoa." Nikainamia ndoo. Nilipoinuka, chini ya ngazi alikuwa amekaa kijana mwembamba, sahani ya mihogo mapajani, brashi sikioni. Nikamjua mara moja. Masikio yale makubwa ni yangu.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba. Usipande ngazi hiyo."

"Kwa nini? Sijamaliza."

"Mraba huo umeshauchora. Ukipanda utaurudia."

Akatazama juu, akahesabu kwa kidole, uso ukambadilika. "Mbona tayari nimerudia! Wataona?"

"Hawataona kabisa. Ndiyo maana nakuomba ufute sasa hivi."

Alitaka kufuta, nashuhudia. Alishika ndoo. Lakini nyuma yetu uwanja ulikuwa umejaa, wanaume kama ishirini, na mmoja akasema neno lile, Njiti, na kicheko kikaja. Masikio ya kijana yakawa mekundu, na yangu nayo nikayasikia yanawaka moto. Nikageuka kuwatukana. Hakukuwa na mtu. Nikatazama mkono wangu: brashi, rangi mbichi. Niko juu ya ngazi. Bega la kulia linachuruzika, limepakwa upya, limelingana na la kushoto. Chokaa ilikuwa haijaguswa. Nilikwenda kufuta nikaishia kurudia, na nilikuwa mzee na akili zangu, na hakuna aliyekuwa ananitazama. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa uchungu. Nikaelewa kwamba mkono wangu hautaweza kazi hii. Itabidi niseme kwa mdomo, mbele yao, siku yenyewe.

Siku ya Kusimama ilijaa kuliko zote. Habari za Nyange zilikuwa zimeenea. Alivua shati, watu wakaguna. Sijawahi kusikia wanaume wakiguna vile, kwa njaa. Kabla hajaufikia ukuta nikajipenyeza mbele.

"Bwana Chande, naomba kusema."

"Fundi, wewe una koti. Hujaulizwa."

"Basi niulize."

Wakacheka. Chande akatabasamu kidogo. "Haya. Nakuuliza. Una nini?"

Nikatoa ule ukurasa wa sabuni, umechakaa, mistari ya penseli bado inasomeka, nikawaambia wahesabu. Karatasini kumi na miwili. Wahesabu na ukutani, alama za uzi wa makaa bado zinapenya rangi. Walihesabu kwa sauti, pamoja, kama watoto wa madrasa, na walipopita kumi na miwili sauti zikapungua, kumi na tatu ikasemwa na wachache, kumi na nne hakuna aliyeitamka. Nikasema, "Nilikosea. Halafu nikaogopa kuchekwa. Hakuna mwanaume wa kiasi kile, jamani. Hata yeye mwenyewe hakuwa hivyo."

Mzee Likwata, wa rangi ya pili, mkubwa kuliko wote pale, akaanza kufungua vifungo vya koti lake. Chini alikuwa na kifua chembamba cheupe kwa kukosa jua. Akachomoa sufi akaitazama. "Kwa hiyo mimi nilikuwa mzima?" akauliza. "Nilimkimbia mchumba wangu kwa aibu. Nilikuwa mzima siku zote?" Mwanawe wa kufikia akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Vaa, baba, unatuaibisha," akamfunga vifungo mwenyewe.

Chande alikuwa na akili, lazima nimpe haki yake. Akaishika karatasi yangu kwa vidole viwili akaiinua. "Hii inaenea kiganjani," akasema. "Ule ukuta unaonekana mpaka mashambani. Baba zetu waliuegemea. Sisi tumetoa sufi za vitanda vyetu kwa ajili yake. Kati ya hivi viwili, kipi cha kweli?"

"Ukuta!" wakajibu. Waliitikia kwa nguvu, na wengine walikuwa wanalia huku wanaitikia.

Nyange alikuwa ameshasimama.

Akavuta pumzi, akatanua, akajibandika. Chande akaanza. Moja. Mbili. Kumi. Ishirini. Tukatafuta rangi, mimi pia nilitafuta, Mungu anisamehe. Hakukuwa na rangi. Kushoto hakuna, kulia hakuna, shingoni hakuna. Mwanangu alikuwa ameujaza uongo wangu mpaka pembeni. Thelathini. Mtu akapiga kelele, "Huyu hapa! Fundi mwongo huyo! Anamwonea wivu mwanawe!" Wakanisukuma, kofia ikaanguka. Nikasema anakufa, tazameni midomo, midomo imekuwa ya buluu. Walikuwa wanatazama mabega.

Hamsini. Nikapita katikati ya miguu yao, nikatokea mbele yake. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Akaniona. Hakutoa pumzi, midomo tu ikatikisika, nikaisoma. Ni kweli?

"Ni kweli, Nyange. Siku ile ya kwanza ulikuwa sawasawa na yule wa kwenye karatasi. Hukupungua popote. Niliona, nikanyamaza."

Sitayasahau macho yake. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanapiga hesabu, yanarudi nyuma kwenye mawe, makopo, sindano, usiku wa kulala amekaa, kila kitu. Sitini na moja, akasema Chande, kwa sauti kubwa zaidi. Sitini na mbili. Wanaume wakaanza kumbembeleza: bado kidogo, kaka, bado thelathini na kitu tu, tusaidie, vumilia kwa ajili yetu. Wengine walipiga magoti. Sabini. Alifumba macho. Sabini na nne.

Akatoa pumzi.

Ilitoka ndefu, yenye mluzi, na mabega yakashuka nayo, na pande zote mbili rangi ikajitokeza. Chande akasema, "Bwana anaonekana," lakini hakupaza sauti, na nikaona anafuta machozi kwa mkono wa kanzu. Wakamzomea Nyange. Walimzomea kuliko walivyowahi kumzomea yeyote. Yeye akaokota shati lake, akalivaa, akakosea vifungo, akaondoka. Nilipotaka kumshika mkono akasema, "Usiniguse kwanza."

Alitembea mbele, mimi nyuma. Kila hatua kumi alisimama aheme, nami nikasimama. Nilihofia kila kituo kuwa ndicho cha mwisho, na kila alipoinua mguu tena nilimshukuru Mungu kwa mguu huo mmoja. Hivyo ndivyo tulivyofika.

Somoe alikuwa amechemsha maji. Alimtazama mtoto toka juu hadi chini akaenda kumwita tabibu, mbio, kanga moja mkononi. Tukabaki wawili chumbani. Nyange akakaa kwenye kigoda, akajaribu kuvua shati. Mikono haikupanda. Akajaribu tena, akashindwa.

"Nisaidie," akasema.

Nikapiga magoti mbele yake. Tangu aote ndevu sikuwahi kumgusa. Kwetu wanaume hawagusani. Nikafungua kifungo kimoja, cha pili, nikaliinua shati kwenye bega, na kitambaa hakikutoka, kilikuwa kimegandia. Nikachovya kitambaa kingine kwenye maji ya moto nikalowesha. Chini yake ngozi ilikuwa imechanika michirizi myekundu kutoka kwapani mpaka shingoni, haikutosha kumfunika mwenye nayo, na kati ya michirizi matundu ya sindano yalikuwa yanatoa usaha.

"Nisamehe, mwanangu."

Alivuta pumzi, ndogo, ya juu juu.

"Vua polepole, baba," akasema. "Inauma."